Fiti asilimia mia, lakini mguu upi?

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Tororo, hapa chini ya mwamba. Gazeti lenu nalipata kwa madereva wa malori pale Malaba, mara nyingi limechelewa siku moja au mbili na limeshafungia chapati, lakini ukurasa wa michezo huwa unabaki mzima na mimi ndio huo natafuta. Leo naandika kwa sababu ya maneno matatu ambayo kila mwaka ligi ikikaribia lazima myachape. Fiti asilimia mia. Timu fulani iko kambini, kochi anasema vijana wako fiti asilimia mia. Straika fulani alikuwa majeruhi, sasa amerudi, yuko fiti asilimia mia. Miaka nenda rudi nasoma hivyo na sijaona hata siku moja mwandishi ameuliza hiyo mia ilipimwa na nani, ilipimwa na nini, na ni mguu upi.

Nijitambulishe kidogo. Mimi nabeba ndoo ya barafu na mkoba wa bandeji katika timu moja ya daraja la chini huku mashariki mwa Uganda. Wachezaji wananiita Dokta lakini udokta sijausoma, nilifanya kozi ya huduma ya kwanza ya siku chache, mengine nimeokota kwa mafizio, wale watabibu wa viungo, wawili watatu wenye roho nzuri, na mengine kwa makosa. Ya makosa ndio mengi. Zamani nilikuwa beki wa kushoto mpaka enka ikakataa, kwa hiyo hata kudanganya kochi kwamba mguu hauumi nimewahi kufanya mwenyewe na nilikuwa mzuri sana kwa hiyo kazi kuliko kwa mpira.

Sasa kambi ya timu kama yetu si ile mnaona kwenye TV timu za Ulaya zinaenda Austria kwenye milima na nyasi kama kapeti. Kambi yetu ni bweni la shule wanafunzi wakiwa likizo ya mwezi wa nane, vitanda vya chuma, posho (yaani ugali) na maharage, chai asubuhi, na uwanja ambao upande mmoja una nyasi na upande mwingine ni murami, ule udongo mwekundu wa changarawe, inayochuna ngozi. Wanakuja vijana arobaini na zaidi wanatafuta nafasi ishirini na tano. Wengine wa msimu uliopita, wengine wametoka mashindano ya shule za sekondari juzi tu, wengine wametoka kucheza Masaza, ile michuano ya kaunti za Buganda, na bado wana mechi za Masaza watarudi kucheza kimyakimya wikendi, wengine hawajulikani wametoka wapi, anakuja na viatu kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, anasema yeye ni namba kumi. Kochi ana wiki tatu. Katika hizo wiki tatu aseme nani anajua mpira, nani ana pumzi, nani ana nidhamu, nani amepona. Na mimi namuonea huruma kochi, sisemi kwa ubaya, kwa sababu akipoteza mechi tano za mwanzo huyo ni yeye na begi lake stendi.

Siku ya kwanza asubuhi anakusanya watu duara, anauliza kwa sauti, "Nani ana jeraha?" Kimya. Hakuna mkono. Arobaini na kitu watu wazima waliocheza msimu mzima kwenye murami, na hakuna hata mmoja anaumwa. Kochi anafurahi, anasema vizuri, tukimbie. Hapo ndio asilimia mia yenu inapozaliwa, Mhariri.

Kwani nani atainua mkono? Anayeuliza ndiye anayetoa mkataba. Pembeni yako amesimama kijana wa majaribio anacheza namba yako hiyohiyo, ana miaka kumi na tisa, anakuangalia goti kama fisi anavyoangalia mbuzi mgonjwa. Hela ya kusaini yenyewe ni kidogo lakini umeshaiahidi nyumbani, mama anajua, mwenye nyumba anajua. Ukisema "mimi kochi, paja linavuta" umejifukuza mwenyewe. Kwa hiyo unakimbia, unacheka, na usiku unakuja kwangu kuomba dawa ya kuchua kwa siri.

Nina kijana mmoja, jina lake sitalitaja kwa sababu bado tunakutana barabarani, nimwite Namba Saba. Winga wa kulia, miguu mepesi, mwaka ule beki za mkoa huu zilikuwa zinamuota usiku. Mwishoni mwa msimu mmoja akaruka kupiga kichwa, akatua vibaya, na mimi niliyekuwa kwenye benchi nilisikia mlio, tah, kama kijiti kikavu. Kabla mechi haijaisha goti lilikuwa limejaa kama papai. Sasa hiyo nilikuja kufundishwa baadaye na fizio mmoja, goti likilia hivyo halafu likavimba ndani ya saa chache, dhania ile ligamenti ya katikati ya goti wanayoiita ACL mpaka mtu akuthibitishie si yenyewe. Lakini siku hizo sikujua. Tukampeleka eksirei. Eksirei ikatoka safi, mfupa mzima, viongozi wakashangilia, wakasema kijana hana kitu, ni mshtuko tu. Mhariri naomba hii muichape kwa herufi nene kama nafasi ipo, eksirei inaonyesha mifupa. Ligamenti haionekani kwenye eksirei. Goti linaweza kuwa limekatika ndani na picha ikatoka nzuri ya kuweka kwenye fremu. Kuona ligamenti unahitaji ile mashine kubwa ya MRI, au mikono ya mtu anayejua kulivuta goti na kusikia linavyocheza, na hiyo mikono haitozi hela nyingi kama mashine, tatizo ni kuipata.

Basi Namba Saba akaenda kwa mzee mmoja anayekanda, akakandwa, uvimbe ukashuka, akaenda kwao Butaleja kusaidia kwenye mpunga. Mwezi wa nane akaja kambini. Ilikuwa kama miezi minne na nusu toka siku ya ule mlio. Asubuhi ya kwanza tulikimbia barabarani kuelekea Malaba na kurudi, na nani aliongoza? Namba Saba. Kochi akamshika bega mbele ya wote, akasema mnaona huyu, alikuwa majeruhi na amewaacha nyinyi wazima. Na kweli aliwaacha.

Lakini bweni lile liko juu ya ngazi sita, na mimi nilikuwa nakaa chini naosha chupa. Nikaona kila akishuka anatanguliza mguu wa kulia. Kila ngazi, kulia kwanza, halafu wa kushoto unafuata, kama mzee. Mtu mzima anayeshuka ngazi hachagui mguu. Anayechagua ni kwa sababu mguu ule mwingine ndio pekee anaouamini kubeba mwili wakati unajikunja. Nikamwita, nikaazima tepu ya fundi cherehani, nikapima paja lake vidole vilevile juu ya pia ya goti huku na huku, la kulia lilikuwa jembamba kwa sentimita tatu. Msuli ulikuwa umekwenda na haujarudi. Nikaenda kwa kochi nikamwambia. Akacheka akaniambia, "Dokta, wewe unataka kuniulia winga?" Na mimi nikanyamaza. Ningeweza kusema tena, ningeweza kwenda kwa katibu wa timu, sikwenda, ndoo yenyewe nilikuwa naishikilia kwa neema tu.

Wiki ya tatu tukacheza mechi ya kirafiki na timu ya ng'ambo ya mpaka. Dakika ya ishirini na kitu akapokea mpira pembeni, akamtishia beki kwenda nje, akakata kuingia ndani. Beki hakumgusa. Alianguka peke yake na safari hii hakulia, alishika tu nyasi. Hakucheza tena. Leo ana boda pale karibu na soko, na breki ya nyuma ya pikipiki iko mguu wa kulia, kwa hiyo ukipanda naye utaona anapenda kufunga breki ya mkono.

Nimeieleza ndefu kwa sababu kosa liko humo ndani na si lile watu wanadhani. Watu wanasema alirudi mapema. Ndiyo, lakini pia tulimpima kwa kitu kisichopima. Kukimbia barabara iliyonyooka goti lisilo na ile ligamenti linaweza, hata kwa kasi, hata kwa kilomita nyingi. Kazi ya ligamenti ile ni kuzuia mfupa wa chini usiteleze na usijisokote unapokata kona, unaposimama ghafla, unapotua. Yaani mpira wenyewe. Sisi tulimpa mtihani wa barabarani, akapata mia kwa mia, tukamtuma kufanya kazi nyingine kabisa.

Na wala si sisi maskini tu. Wale wa umri wangu mnamkumbuka Ronaldo, yule wa Brazil. Goti liliharibika Novemba 1999 akiwa Inter, akafanyiwa upasuaji, akarudi tarehe 12 Aprili 2000 fainali ya Coppa Italia na Lazio pale Roma. Aliingia kipindi cha pili, hata dakika kumi hazikufika, akatishia kama kawaida yake na kano la pia ya goti likakatika lote, hakuna mtu amemgusa. Sisi tuliangalia kwenye kibanda na kibanda kizima kilinyamaza, hata yule anayeuza karanga. Inter walikuwa na madokta wangapi? Lakini baada ya hapo walimwacha akae. Alikaa zaidi ya mwaka, na 2002 Kombe la Dunia akafunga mabao nane, mawili ya fainali dhidi ya Ujerumani. Goti ni lilelile.

Mwingine ni Van Dijk wa Liverpool. Aliumia ACL Oktoba 2020 pale Everton. Mwezi wa sita 2021 Uholanzi walikuwa na Euro, nchi nzima inamtaka, yeye ni kapteni, akasema hapana, sitakwenda, nataka niingie kambi ya maandalizi na klabu yangu nianze taratibu. Alirudi uwanjani mwishoni mwa mwezi wa saba kwenye mechi ya kirafiki na Hertha Berlin, miezi tisa na zaidi. Mimi hilo nalipenda kwa sababu linaonyesha kambi ni ya nini. Kambi ndiyo sehemu pekee ya mwaka ambapo mtu anaweza kucheza dakika ishirini akatoka na hakuna pointi imepotea. Sisi tumeigeuza kuwa mahali pa kujificha.

Hii miezi tisa haijatoka hewani. Kuna utafiti wa watu wa Oslo na Delaware ulitoka 2016, waliwafuatilia waliofanyiwa upasuaji wa ACL, wakakuta kila mwezi mtu anaochelewa kurudi mchezoni, mpaka kufika mwezi wa tisa, hatari ya kuumia tena inapungua karibu nusu. Kila mwezi. Na hao ni waliopasuliwa wakafanya mazoezi na fizio, si waliokandwa wakaenda kupanda mpunga. Sisi kijana wetu tulimpa minne na nusu.

Najua kuna msomaji anasema sasa huyu anatuletea mambo ya matajiri. Hapana, ngoja. Tangu siku ile nilijiapiza, na kochi aliyefuata alinielewa nusu, nusu hiyo nikaitumia. Vifaa vyangu ni kauntabuku moja, tepu ya fundi, chaki, na saa ya simu. Kila mchezaji anayeingia kambini ana ukurasa wake. Napima mapaja mawili. Nachora mstari wa chaki kwenye sakafu ya ukumbi wa kulia chakula, anasimama mguu mmoja, anaruka mbele mbali anavyoweza, atue mguu huohuo bila kuyumba, mara tatu, halafu mguu wa pili. Kama mguu mzima umefika mita moja na sentimita sitini, na ule uliokuwa mbovu umefika mita moja na ishirini, hiyo ni asilimia sabini na tano, na wanaojua kazi hii wanataka walau tisini kabla mtu hajaachiwa kucheza. Mnaona sasa? Asilimia ipo, Mhariri. Inapatikana kwa chaki. Na hata mita zikilingana, namwangalia anavyotua, goti likiingia ndani kama linataka kumbusu mwenzake, huyo bado.

Jambo lingine nililobadilisha ni lile swali. Siku hizi siulizi kwenye duara. Nauliza mmojammoja, nyuma ya jiko, kochi hayupo, na simuulizi "uko fiti?" kwa sababu hakuna mchezaji aliyezaliwa atakayejibu hapana. Namuuliza, msimu uliopita ulikosa mechi ngapi, kwa nini? Ukiamka asubuhi ni wapi panakuwa pagumu? Ukivaa soksi ni mguu upi unakusumbua? Hapo wanaongea, wengine wanaongea mpaka unatamani wanyamaze. Tulikubaliana na kochi kwamba ninayoandika yeye anapata jibu moja tu, huyu anafanya mazoezi yote, huyu nusu, huyu bado, bila kumwambia kijana alisema nini. Alikubali kwa shingo upande na wakati mwingine anajaribu kuchungulia kauntabuku, nalala nayo chini ya godoro.

Na hapa niweke kitu ambacho hakuna kozi itakufundisha. Mtu anayejua majeraha ya kambi nzima kuliko mimi na kochi ni mama anayetupikia. Yeye anawaona wakija kuchukua chai saa kumi na mbili asubuhi kabla miili haijapata moto na kabla hawajaanza kuigiza. Ananiambia, "Dokta, yule mrefu leo amekuja kama ana mwiba." Mara nyingi hakosei. Mwaka jana alimuona mmoja anabeba sahani kwa mkono wa kushoto siku tatu, kumbe bega lilichomoka kwenye Masaza akalirudisha mwenyewe akafunga mdomo.

Sasa niguse hii ya kupima uwezo, kwa sababu mnaandika pia fulani "alifanya vibaya mazoezini". Makochi wetu wengi siku hizi wanatumia bip test, zile koni mbili mita ishirini, mashine inalia bip, unaanza kasi ya kilomita 8.5 kwa saa na kila dakika inaongezeka nusu kilomita mpaka unakufa. Ni kipimo kizuri cha pumzi, sikikatai. Lakini nimeona kiungo mmoja akitolewa siku ya pili kwa sababu alikata pumzi mapema, na hakuna aliyeuliza kwamba wiki iliyotangulia alikuwa na malaria, alikuwa bado anameza dawa. Huku kwetu kabla hujasema mtu hana stamina uliza kwanza malaria, halafu uliza alikula nini, maana wengine miezi yote ya likizo walikuwa wanabeba simenti au wanaendesha boda na mlo wao ulikuwa rolex moja, chapati iliyoviringishwa na mayai, jioni. Wiki mbili za posho na maharage ya uhakika huyo ni mtu mwingine. Yule kiungo alichukuliwa na timu nyingine na alitufunga, nilishangilia kimoyomoyo.

Kuna kochi mwingine nilimfanyia kazi alikuwa na ugonjwa wa milima. Kwa sababu wanariadha wetu Cheptegei na Kiprotich ni watoto wa Sebei, huko milimani Kapchorwa, basi yeye aliamini na mpira unatoka hukohuko, akawa anapandisha watu mlima kila asubuhi siku kumi mfululizo. Jamani, Cheptegei alishinda dhahabu ya mita 10,000 Paris 2024 na sisi wote tulilia, lakini yeye hakati kona, harukii kichwa, hasimami ghafla kumkaba mtu. Mchezaji wa mpira naye anaweza kufika kilomita kumi kwa mechi ila anazikimbia vipandevipande, anatembea, analipuka, anasimama, anarudi. Wiki ile ya milima nilimaliza barafu yote ya wauza samaki wa Tororo na wachezaji wanne walishikwa na misuli ya nyuma ya paja.

Hiyo misuli ya nyuma ya paja ndiyo mwizi wa kambi zote, hata huko juu. UEFA wamekuwa wakiandika majeraha ya klabu zao tangu 2001, na msimu wa 2021/22 karibu robo ya majeraha yote ilikuwa hiyo misuli, wakati mwanzoni ilikuwa asilimia 12. Na mtu aliyeumia hapo mwaka jana ndiye wa kwanza kuumia tena mwaka huu, kwa hiyo kama kauntabuku yako ina historia unajua nani wa kumpunguzia mbio. Mnamkumbuka Diego Costa, straika wa Atlético Madrid, fainali ya Ligi ya Mabingwa 2014 kule Lisbon? Paja lilikuwa bovu, wiki ile alipelekwa mpaka Belgrade kutibiwa kwa kondo la nyuma la farasi, ndiyo, farasi, halafu wanacheka wazee wetu wa mizizi. Akaanza mechi, dakika ya tisa akatoka. Atlético wakawa wamepoteza nafasi moja ya kubadilisha mchezaji, walibaki na bao lao mpaka Ramos wa Real Madrid akasawazisha dakika za nyongeza, na kwenye dakika thelathini za ziada miguu ikaisha wakapigwa nne moja. Kochi wao Simeone mwenyewe alisema kosa ni lake.

Dawa ya hilo paja haina farasi. Watu wawili, mmoja anapiga magoti, mwenzake anamshikilia vifundo vya miguu, yule anajishusha mbele polepole kama mti unaoanguka bila haraka, misuli ya nyuma inakataa, anajidaka kwa mikono. Basi. Inaitwa Nordic, timu zinazoifanya mara kwa mara zinapunguza majeraha hayo karibu kwa nusu. Na ule mpangilio wa FIFA wa kupasha mwili, wanauita 11+, dakika ishirini, unahitaji mpira na nafasi tu. Wachezaji wanauchukia siku tatu za kwanza kwa sababu kesho yake wanatembea kama bata, baadaye wanazoea. Makochi ndio hawazoei, wanaona dakika ishirini zimeliwa.

Moyo sitaingia sana, huo ni wa madokta wa kweli na mimi nakaa mbali nao. Lakini kiungo Marc-Vivien Foé alianguka uwanjani Lyon akafa, tarehe 26 Juni 2003 akiichezea Cameroon, miaka 28, na moyo ulikuwa na tatizo ambalo hakuna aliyelijua. Kila kambi nawauliza vijana kama kuna mtu kwao alikufa ghafla akiwa kijana, au kama wamewahi kuzimia wakikimbia. Akisema ndiyo hafanyi hata zoezi moja mpaka aende hospitali kupimwa mapigo, hapo hata kochi sisikilizi.

Sasa Mhariri turudi kwenu. Mwaka 2023 tulipewa AFCON ya 2027 sisi na Kenya na Tanzania, na tangu hapo kila wiki naona picha za viwanja, Namboole, Hoima, viti, taa, nyasi. Nafurahi, na mimi nataka kwenda kukaa kwenye hivyo viti. Lakini wale watakaokimbia juu ya hizo nyasi wengine wako leo kwenye mabweni kama yetu, wanatanguliza mguu mmoja kwenye ngazi, na wenye kalamu wanakuja kambini wanapiga picha ya watu wamepanga mstari, wanaongea na kochi dakika tano kwenye kivuli, wanaondoka na asilimia mia. Nawaomba mwandishi wenu akija kambini yoyote, ndogo au kubwa, akiambiwa fulani amepona aulize tu alipimwaje. Kochi atakasirika, si neno. Aulize pia nani hapa anaamua mtu amepona, na huyo mtu ndiye pia anayepanga kikosi? Akijibiwa ndiyo, hiyo ndiyo habari yenyewe, aiandike. Na kabla hajapanda boda kurudi apite jikoni.

Sisi tuko kambini wiki ya pili sasa. Juzi jioni winga wetu wa kushoto, ndiye bora tuliye naye, alikuja nyuma ya jiko bila kuitwa, akasimama kidogo, akasema, "Dokta, paja." Neno moja tu. Nimemuandika "bado", siku kumi na nne, na toka jana kochi ananisalimia kwa nyusi. Ijumaa tuna mechi ya kirafiki na watu wa Busia. Tukifungwa mtasikia tulimkosa winga, na ni kweli tutamkosa, atakuwa amekaa karibu na mimi ameshika ndoo.

Wenu,
Mbeba ndoo, Tororo